Jahazi Kuukuu na Fundi Wake

Fundi wa vyombo katika pwani ya Kilwa huanza kazi kwa kusikiliza. Jahazi limepandishwa mchangani kwa maji ya bamvua, limeegemezwa magogo kulia na kushoto lisilale ubavu, na bahari imekupwa ikaliacha kavu. Mwenye chombo angependa kuiona tezo ikitoka kapuni siku hiyo hiyo. Fundi hana pupa hiyo. Hushika nyundo ndogo akagonga ubao mmoja baada ya mwingine, kutoka omo hadi tezi, kisha akainama karibu na mkuku na kugonga tena, kama mnunuzi anavyogonga nazi sokoni. Ubao mzima hutoa mlio mkavu wa juu. Ubao ulioliwa kwa ndani hutoa mlio mzito, uliokufa, hata kama uso wake unang'aa kwa mafuta. Akitia shaka huchomeka ncha ya kisu. Kisu kikigoma, ubao unabaki. Kisu kikizama, anaweka alama ya mkaa.

Kazi hii ya kugonga huweza kumaliza mchana mzima, na anayeitazama kwa mara ya kwanza huona kama hakuna kilichofanyika. Kumbe hapo ndipo uhai wa chombo unapoamuliwa. Alama za mkaa zikiwa chache, jahazi litarudi majini. Zikienea hadi kwenye mkuku na mataruma mengi, mwenye chombo huambiwa kweli yake, na kweli hiyo ina gharama kila upande.

Kwa maana kuvunja kuna faida ya haraka. Misumari hung'olewa, ikanyooshwa, ikatumika tena. Mbao ngumu zilizokaa na chumvi kwa miaka zina soko: Zanzibar zimegeuzwa meza, vitanda na rafu za kupamba hoteli. Zisizofaa kwa samani huwa kuni. Jahazi lililovunjwa humpa mwenyewe fedha mkononi mara moja. Jahazi lililotengenezwa litamrudishia fedha yake kidogo kidogo, safari kwa safari, iwapo mizigo ipo. Na mizigo imepungua. Zamani masika yalipoikata barabara ya kusini, na kivuko cha Rufiji kikawa kizuizi kwa wasafiri, bahari ndiyo iliyokuwa njia ya uhakika ya kuifikia Kilwa na Lindi. Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, shehena nyingi imehamia kwenye malori. Kwa hiyo mtu anayeamua leo kulitengeneza jahazi kuukuu badala ya kulivunja anafanya uamuzi mzito, na anaufanya kwa kumwamini fundi.

Imani hiyo ina mizizi mirefu katika pwani hii. Ibn Battuta alipofika Kilwa Kisiwani mwaka 1331 aliukuta mji ulioshiba biashara, ambao utajiri wake ulitegemea dhahabu iliyopitia Sofala. Tunapoyatazama leo magofu ya Msikiti Mkuu na ya Husuni Kubwa tunawasifu waashi, na ni haki yao. Lakini dhahabu ile na nguo zile hazikufika Kisiwani kwa miguu. Zilikuja ndani ya vyombo vilivyovuja, vilivyotobolewa na wadudu wa bahari, vilivyogonga miamba, na ambavyo kila msimu wa kusi na kaskazi vilihitaji mtu wa kuvirudishia afya. Mwashi ameacha kuta, na tangu mwaka 1981 kuta hizo pamoja na za Songo Mnara zimo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Fundi wa vyombo hakuacha ukuta. Alichokiacha ni namna ya kufanya kazi, na namna hiyo haina pengine pa kukaa ila katika mikono ya watu walio hai.

Tuifuate basi kazi yenyewe.

Baada ya kugonga, fundi hutafuta miti. Hapa ndipo anapojitenga na seremala wa nyumbani. Seremala hununua mbao zilizonyooka, akazikata apate umbo analolitaka. Fundi wa jahazi anahitaji taruma, yaani ule ubavu wa ndani unaoshikilia umbo la chombo, na taruma lenye nguvu ni lile lililokatwa katika mti uliojipinda wenyewe tangu ulipokuwa mche. Ukichonga pindo katika gogo lililonyooka, nyuzi za mti zinakatwa, na siku ya mawimbi taruma hilo litapasuka palepale penye pindo. Kwa hiyo fundi huingia kwenye mikoko na umbo la ubavu ulioharibika likiwa kichwani mwake, akatafuta mlilana au mkomafi uliopinda hivyo hivyo. Wengine hutazama mitondoo inayoinama kuelekea baharini. Anaweza kuupita mti mzuri mara nyingi kwa sababu pindo lake halijafika, kisha miaka kadhaa baadaye akaukumbuka na kuurudia, akiwa na kibali cha kuukata.

Mbao za nje zina masharti yake. Mvule, mninga na mkongo ndiyo miti inayosifiwa, na yote imekuwa adimu na ghali. Kilwa ina bahati moja inayostahili kutajwa. Mwaka 2009 vijiji vya wilaya hii vilipata cheti cha kimataifa cha FSC kwa usimamizi wa misitu yao ya asili, hatua iliyokuwa ya kwanza ya aina yake kwa misitu ya jamii barani Afrika. Sifa hiyo ilikuja hasa kwa ajili ya mpingo, mti unaotumika kutengenezea zumari na klarineti za Ulaya. Lakini msitu uliotunzwa kwa ajili ya mpingo hutunza pia miti mingine iliyomo, na fundi wa pwani anahitaji jirani wa namna hiyo bara. Bila msitu unaovunwa kwa akili, ufundi wa jahazi hufa hata kama mafundi wangali hai.

Kisha huja kazi ya kubadili mbao, na uvumilivu wa fundi huonekana hapa kuliko mahali pengine. Hang'oi mbao zote mbovu kwa mpigo. Chombo kilichovuliwa ngozi yake upande mmoja hulegea, kikapoteza umbo, na umbo likishapotea hakuna mchoro wa kulirudisha, kwa kuwa majahazi haya hayakujengwa kwa mchoro. Umbo lake limehifadhiwa ndani ya chombo chenyewe. Basi fundi hutoa ubao mmoja, akaulaza chini, akautumia kama kielelezo cha kuchongea mpya. Huupachika mpya mahali pake, kisha ndipo anapohamia kwenye mwingine. Ubao mbovu, hata uliooza nusu, unatoa somo la mwisho kabla ya kutupwa: unamwonyesha mrithi wake upana, mkunjo na mshazari wa kingo. Fundi akiupachika ubao mpya akaona mwanga unapita kwenye maungo, huutoa tena. Tezo hupita kidogo, unga wa mbao hudondoka, ubao hurudishwa. Nimelitazama zoezi hili likirudiwa mpaka mimi niliyekaa kivulini nikachoka kwa niaba yake, na mkono wake haukubadili mwendo.

Matundu ya misumari hutobolewa kwa keekee, kile kifaa cha kutobolea chenye upinde unaovutwa mbele na nyuma. Tundu huwa jembamba kuliko msumari, ili msumari ubane bila kuupasua ubao. Chini ya kichwa cha msumari fundi huzungusha uzi wa pamba uliolowa mafuta, ili maji yasipate upenyo wa kufuata chuma hadi ndani. Ni jambo dogo sana kulitazama, na jahazi moja lina misumari mingi mno. Hakuna mteja atakayeukagua uzi wa pamba chini ya kila kichwa cha msumari. Fundi huuzungusha hata hivyo.

Baada ya misumari ni kalafati. Pamba husokotwa ikawa ugwe mrefu, ikaloweshwa mafuta, kisha ikashindiliwa kwenye maungo kwa patasi butu na nyundo ya mti. Mgeni hudhani kwamba kadiri pamba inavyoshindiliwa ndivyo chombo kinavyokuwa salama. Fundi anajua vingine. Mbao zikiingia majini zitavimba. Maungo yaliyoshindiliwa kupita kiasi hayataacha nafasi ya uvimbe huo, na mbao zitasukumana hadi zitoke kwenye misumari yake. Maungo yaliyolegea nayo yatatema pamba kwenye mawimbi ya kwanza. Kipimo kilicho katikati hakiandikiki. Fundi hukijua kwa sauti ya nyundo, inayopanda kadiri pamba inavyobana, na huacha kugonga sauti ikifika pale anapopajua. Wanafunzi wake hukaa kando wakisikiliza. Ndiyo maana mafundi wazuri huzungumza kidogo wakati wa kalafati.

Mwisho chini ya chombo hupitishwa moto wa makuti kuwaua wadudu wanaotoboa mbao, moto unaokwenda haraka na kuzimwa haraka. Kisha sehemu itakayokuwa majini hupakwa shahamu, mchanganyiko wa chokaa na mafuta ya mnyama, na sehemu ya juu hupakwa sifa, mafuta ya maini ya papa yenye harufu isiyosahaulika. Bamvua nyingine ikija, chombo hushuka. Siku za mwanzo kitavuja kidogo mpaka mbao zishibe maji na kufunga. Baharia mwenye uzoefu haogopi. Huteka maji ya ngama asubuhi na jioni, akiona yanapungua, anajua kazi imekubali.

Nimeieleza kazi hii kwa urefu kwa sababu ndani yake mna jambo linalopita mbao. Kila hatua ya fundi humfikiria mtu ambaye bado hajafika. Ubao huwekwa ili siku moja utolewe. Pamba hushindiliwa ili iweze kuvutwa na kubadilishwa. Misumari hupangwa kwa mstari ambao fundi mwingine ataufahamu bila kuulizia. Anayetengeneza jahazi leo anafanya kazi na fundi aliyetangulia, ambaye huenda ni marehemu, na anamwekea akiba fundi ajaye, ambaye huenda bado ni mtoto anayeokota vipande vya mbao pale mchangani.

Ukitaka kuona kwamba hili ni kweli hata kwa meli za chuma, itazame historia ya Vita vya Kwanza vya Dunia katika pwani hii hii.

Mwezi Oktoba 1914 manowari ya Kiingereza Chatham iliikuta meli ya Kijerumani Präsident imefichwa katika mto Lukuledi, Lindi. Nyaraka zilizopatikana humo ziliwaongoza Waingereza hadi delta ya Rufiji, ambako manowari Königsberg ilikuwa imejificha ndani ya mikoko. Ilishambuliwa na kuteketezwa huko mwezi Julai 1915. Mizinga yake kumi ilitolewa, ikafanyiwa kazi katika karakana ya reli Dar es Salaam, ikapelekwa kupigana nchi kavu. Mmoja unaweza kuonekana hadi leo Fort Jesus, Mombasa. Gamba la meli lilibaki matopeni, likakatwakatwa na wanunuzi wa chuma chakavu katika miaka ya 1960, na mabaki yake yakamezwa na tope. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuirudia ile meli isipokuwa kwa uzito wa chuma chake.

Mmoja wa mizinga ile ulisafiri kwa reli hadi Kigoma, ukafungwa kwenye meli ya mvuke iliyokuwa na bahati tofauti kabisa. Meli hiyo, Graf von Goetzen, ilikuwa imejengwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer huko Papenburg, Ujerumani. Ilijengwa, ikafumuliwa, ikafungwa katika makasha yapatayo 5,000, ikavuka bahari hadi Dar es Salaam na kupandishwa garimoshi kwenda Ziwa Tanganyika. Mafundi watatu wa karakana ile, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, waliisimamia kazi ya kuiunga upya kwa ribiti, bati kwa bati, pamoja na mafundi na vibarua wa Kiafrika na Kihindi. Iliteremshwa majini tarehe 5 Februari 1915.

Mwaka uliofuata Wajerumani waliamua kuizamisha wenyewe wasimwachie adui. Hapo ndipo mafundi walipofanya jambo linalostahili kukumbukwa. Kabla ya kuizamisha, mwezi Julai 1916, waliipaka mitambo yake mafuta mazito, kwa uangalifu, kila mahali maji yangeweza kuingia. Mtu anayeharibu hapaki mafuta. Walifanya kazi ile kwa ajili ya mtu asiyejulikana ambaye siku moja angeiibua meli na kuifungua mitambo. Wabelgiji waliiibua, ikazama tena. Waingereza wakaiinua mwezi Machi 1924, na mitambo ikakutwa inafaa. Mwaka 1927 ilianza safari ikiitwa Liemba.

Tangu hapo Liemba imeokolewa mara nyingi kuliko wengi wanavyojua, kwa sababu kila matengenezo makubwa yalikuwa wokovu. Ilitembea kwa mvuke hadi miaka ya 1970, ilipowekewa injini za dizeli. Mwaka 1997 iliwarudisha makwao wakimbizi zaidi ya 75,000 kutoka nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire. Gamba la mwaka 1913 liliwabeba watu wale kwa sababu kwa miongo yote ile palikuwa na mafundi wa ziwani waliolijua, waliokuwa wakilisikiliza lile bati kama fundi wa Kilwa anavyousikiliza ubao. Watu husema meli ile ni ya ajabu kwa umri wake. Mimi naona ajabu iko kwenye mnyororo wa watu, usiokatika tangu yule aliyepaka mafuta hadi yule anayekaza nati leo.

Mnyororo ukikatika tunajua kinachotokea, kwa kuwa pwani yetu imewahi kuupoteza mmoja. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja, kilitoweka katika karne ya 20. Mafundi walipoujenga upya mtepe Zanzibar mwaka 2003 kwa ajili ya makumbusho ya Beit al Ajaib, iliwabidi kutegemea vielelezo vidogo na picha za zamani. Walifanya kazi ya heshima kubwa. Lakini hapakuwa na mzee wa kuwaambia kamba inavutwa kwa nguvu kiasi gani, wala sauti gani inasikika inapofika mwisho wake.

Sur, mji wa Oman ambao vyombo vyake vilikuja kwetu na kaskazi kwa karne nyingi, uliwahi kabla ya giza. Fatah al Khair, jahazi la aina ya ghanja iliyojengwa huko mwaka 1951, ilikuwa imekwisha kuuzwa Yemen. Mwaka 1993 watu wa Sur walichanga fedha, wakainunua, wakairudisha nyumbani na kuitengeneza. Iliwezekana kwa sababu Sur ilikuwa bado na mafundi wanaojenga vyombo. Fedha ilinunua mbao na misumari. Mikono ilikuwapo tayari.

Kilwa na Lindi bado zina mikono hiyo. Haijawa historia. Jahazi na mashua bado hupeleka watu na mizigo Songo Songo na visiwa vya jirani, na wavuvi bado wanahitaji vyombo vinavyoweza kutengenezwa palepale walipo, kwa miti inayopatikana na kwa bei wanayoimudu. Mashua ya faiba ni nyepesi na haihitaji kalafati, na mvuvi anayeichagua hana kosa. Lakini ikivunjika mwambani, dawa yake hutoka kiwandani. Jahazi likivunjika, dawa yake ipo ufukweni, madhali fundi yupo.

Hofu yangu iko kwa vijana. Kujifunza kazi hii huchukua miaka, na miaka ya mwanzo ni ya kubeba, kusokota pamba, kunyoosha misumari na kusikiliza. Kijana aliyeona wazi kwamba hakuna chombo kipya kinachoagizwa hatakaa miaka hiyo. Atapanda bodaboda, na hatuna haki ya kumlaumu. Ufundi hauishi kwa kusifiwa. Unaishi kwa oda.

Kwa hiyo wanaotaka kuuhifadhi wana mambo ya kufanya yaliyo wazi. Bandari ya uvuvi iliyoanza kujengwa Kilwa Masoko itenge sehemu ya kupandishia vyombo vya mbao, yenye kivuli na sehemu ya kukaushia magogo, karibu na vyombo vya kisasa, badala ya kuwasukuma mafundi pembeni. Vijiji vyenye misitu iliyothibitishwa vipate njia rahisi na halali ya kumuuzia fundi mti mmoja uliopinda, bila kumlazimisha anunue shehena nzima. Watalii wanaokwenda Kisiwani kuyatazama magofu wavushwe kwa majahazi yaliyotengenezwa hapa, na sehemu ya nauli irudi kwenye matengenezo. Vyuo vya ufundi vimpe fundi mkuu wa ufukweni wanafunzi wawili au watatu kwa mwaka na vimlipe kama mwalimu, kwa sababu ndivyo alivyo.

Hakuna kati ya hayo linalohitaji muujiza. Jahazi kuukuu lililo mchangani leo lina alama za mkaa zinazohesabika, na fundi ameshasema litapona. Anachosubiri ni mti, malipo ya haki, na kijana wa kumshikia upande wa pili wa ubao. Tumpe vyote vitatu, tuanze na kijana.